Pikapu za Kwenye Kopo

Wewe, mara ya mwisho uliposikiliza kitu bila kukiangalia ilikuwa lini? Usijitetee. Unanunua redio kwa ukubwa wa spika zake, unamsifu mwimbaji kwa viatu vyake, na ukikuta magitaa mawili yametundikwa dukani, utaulizia bei ya lile jekundu. Koili aliwajua watu wa namna yako kwa miaka mingi, na aliwadharau kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kama mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Koili halikuwa jina alilopewa na mama yake. Lilimganda kutokana na kazi, maana koili ni waya uliosukwa kuzunguka kitu. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa kusuka mota: za pampu za maji, za mashine za kusaga nafaka, za mafeni makubwa ya ukumbini. Mota ikiungua alikuwa anaing'oa waya wote uliogeuka mkaa, anaisuka upya kwa shaba mpya, anairudisha duniani. Kisha siku moja mpiga gitaa mmoja akamletea pikapu iliyokufa. Sisemi gari la kubebea matofali. Nasema kile kisanduku chembamba kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, chenye sumaku ndani, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele ulioizunguka sumaku hiyo mara elfu kadhaa. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, waya unapata habari na kuipeleka kwenye amplifaya. Mbao za gitaa, vidole vya mpigaji na majigambo yake yote, kila kitu lazima kipite kwenye huo mlango mdogo.

Koili alikigeuzageuza kile kisanduku akacheka. "Hii ni mota iliyokataa kuzunguka," alisema. Akaisuka kwa kutumia cherehani ya mkewe, ambayo tangu siku ile haikushona tena nguo ya mtu.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, ukuta kwa ukuta na fundi mageti ambaye grinda lake lilipiga kelele mchana kutwa kama vile linadai haki yake mahakamani. Mezani palikuwa na ile cherehani, mita ya kupimia umeme, sufuria ndogo ya nta aliyochovyea koili ili zisipige mluzi, na bisibisi zilizopangwa kwa urefu. Ukutani yalining'inia magitaa mawili yaliyofanana kila kitu, ya kufanyia majaribio. Ukuta wa pili haukuwa na chochote isipokuwa rangi ya bluu na madoa ya mafuta, mengine juu, mengine chini kidogo. Madoa hayo yaliachwa na vipaji vya nyuso za watu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya pale. Ukitaka kuchagua pikapu kwa Koili, unageukia ukuta. Unasimama karibu kama mtoto aliyeadhibiwa, mtu mwingine anapiga gitaa la kwanza, kisha la pili, nawe unasema unataka lipi. Hakuna kuangalia nembo, hakuna kuuliza imetoka wapi. Asiyetaka kugeuka alionyeshwa mlango, na kabla hajaufikia alikuwa amekwisha kutukanwa kwa adabu.

"Wewe rudi dukani," Koili alikuwa akiwaambia. "Kule wanauza picha."

Mtu huyu alikuwa na binti. Binti alikua chini ya meza ile akichezea vipande vya sumaku, akajifunza gitaa kwa kujaribu kila pikapu iliyotoka kwenye cherehani, na wakati wa habari hizi alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kwa miaka mitano alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya Jenerali. Ukiwahi kuiona bendi ile hukumwona yeye. Alisimama nyuma, kati ya ngoma na pazia, akishikilia wimbo mzima usianguke huku mpiga solo akipepesuka mbele na kupigiwa makofi. Sasa mpiga solo yule alikuwa ameacha muziki akafuge kuku, na nafasi ilikuwa wazi. Binti aliitaka. Hakuwahi kuitaka nafasi nyingine yoyote maishani mwake.

Jenerali mwenyewe hakuwahi kushika bunduki wala, tukisema ukweli, ala yoyote ya muziki kwa zaidi ya dakika kumi. Alikuwa na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba, na alikuwa na sauti. Nchi nzima imejaa mabwana wa aina hii: hawapigi, hawaimbi, hawasuki, lakini wanajua. Ukiwauliza wanajua nini, wanakuangalia kwa huruma. Na sisi tunawapisha njia, tunawavutia kiti, tunacheka kabla hawajamaliza utani wao. Wamejaa kwa sababu tumewajaza.

Alasiri moja Jenerali aliingia karakana ya Koili bila kubisha, akiwa amefuatana na kijana waliyemwita Katalogi. Jina lile lilimfaa. Kijana hakuweza kusema sentensi tatu bila kutaja namba ya toleo la kitu fulani. Alikuwa amebeba gitaa jipya, na pikapu zake mbili zilifunikwa kwa mabati yaliyopakwa rangi ya dhahabu.

"Shikamoo, mzee," Katalogi alisema.

"Marahaba. Hilo gitaa lako nani amelitia meno ya dhahabu?"

Binti, aliyekuwa kwenye kona akibadilisha nyuzi, aliinamisha uso.

Jenerali aliketi kwenye kiti pekee. "Fundi, sijaja kwa utani. Natafuta mpiga solo. Huyu kijana ameniomba, na binti yako ameniomba. Mimi ni mtu wa haki. Pima."

"Nipime nini?"

"Kuna mita hapo. Pima nguvu."

Katalogi hakungoja. Alichomeka waya wa gitaa lake, akaugusisha kwenye mita, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. "Kumi na sita elfu. Sasa za dada." Akapima gitaa la binti. "Elfu saba kasoro."

Jenerali alicheka kwa tumbo. "Fundi, pikapu za mwanao zina utapiamlo."

"Mita hiyo inapima wingi wa waya," Koili alisema bila kuinua kichwa. "Ukiupenda waya mwingi hivyo, nenda kanunue seng'enge uzungushie nyumba."

"Waya mwingi ni sauti nyingi."

"Ni kelele nyingi. Gonga uzi mmoja uutegee sikio. Noti haiji peke yake, inakuja na ukoo wake. Juu yake kuna nyingine nyembamba, na juu ya hiyo kuna nyembamba zaidi, mpaka sikio linachoka kuzifuata. Hizo ndizo hamoniki. Hizo ndizo zinazofanya gitaa liwe gitaa. Ukirundika waya unazizika zote, unabaki na noti inayobweka."

"Lakini mzee," Katalogi alisema, "hili ni toleo la..."

"Mwanangu, nimekuuliza?"

Jenerali alinyanyuka, akajipangusa suruali kana kwamba kiti kilikuwa na ugonjwa. "Kesho saa tatu asubuhi, ukumbini. Wote wawili watapiga. Atakayenipendeza atakaa mbele, na atakayeshindwa atakaa nyuma mpaka azeeke. Ila, binti, usije na hivyo viberiti. Njoo na kitu chenye jina. Sikio langu mimi halidanganyiki. Hata taa za ukumbi zikizimika nitakwambia nani anapiga na amevaa nini."

"Sawa, Bosi," binti alisema. Alisema hivyo tu, lakini aliyemjua angeona kwamba ameacha kukaza uzi.

Walipoondoka, Koili alizunguka chumba kama mtu aliyepoteza funguo. Aliwapitia wote wawili, ukoo kwa ukoo. Alimfananisha Jenerali na spika isiyo na waya. Alisema kwamba Katalogi akikatwa atatoka karatasi. Kisha akalishusha gitaa moja kati ya yale mawili ya majaribio na kuliweka mezani kwa kishindo.

"Utakwenda na Mama Mkwe," alisema.

Mama Mkwe ilikuwa pikapu iliyokaa kwenye gitaa hilo, aliyoisuka mwaka uliopita na kuipenda kuliko zote. Aliiita hivyo kwa sababu haikubali kunyamazishwa. Aliifunga juu kabisa, karibu na nyuzi kiasi kwamba kati ya sumaku na uzi ilipita sarafu moja tu, kwa shida. Hivyo ndivyo alivyozifunga pikapu zake zote siku hizi. Mteja alisikia bomba zima likifunguka, akalipa, akaenda zake.

"Sitaki Mama Mkwe," binti alisema.

"Itamng'oa yule kijana meno yote ya dhahabu."

"Baba, umejisikia? Unataka nipige kelele kuliko yeye."

"Nataka usikike."

"Jenerali naye alitaka hivyo hivyo."

Koili alimtazama mwanawe kwa namna alivyowatazama wateja waliokataa kugeuka. Binti hakutishika. Alivuta kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya meza tangu alipokuwa mtoto, akamwaga vilivyokuwemo: bisibisi iliyovunjika, vifungo vya shati, na pikapu mbili bila mfuniko, zimefungwa utepe mweusi wa fundi umeme.

"Uji huo wa nini?" Koili aliuliza. "Hizo nilizisuka nikiwa bado najifunza. Hazina nguvu. Nilihesabu kila mzunguko kwa mdomo, nikiogopa waya usikatike."

"Geuka, baba."

"Nini?"

"Geukia ukuta."

Katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Koili neno hilo. Sheria ilikuwa yake, na hakuwa na mlango wa kujionyesha. Akaenda, akaweka kipaji chake cha uso kati ya madoa ya watu aliowacheka, na rangi ya bluu ikawa baridi kwenye ngozi yake. Nyuma yake alisikia bisibisi ikizunguka, risasi ya kuchomelea ikiyeyuka, moshi wake ukamfikia. Ilichukua nusu saa. Aligoma kuomba kiti.

"La kwanza," binti alisema, akapiga kipande kifupi. Chumba kikajaa. "La pili." Akapiga kipande kile kile.

"La kwanza," Koili alisema papo hapo. "Linakuja lenyewe. La pili limejificha nyuma ya mlango. Hiyo ya kwanza ni Mama Mkwe, hilo halina ubishi."

"Ni Mama Mkwe. Subiri, usigeuke." Koili alisikia kitufe cha amplifaya kikizungushwa. "Sasa nimezisawazisha. Zote zina kelele sawa. Nitapiga tena, sitakwambia ipi ni ipi."

Fundi mageti alikuwa amekwenda kula, grinda lilikuwa limelala. Gitaa moja likapiga. Noti zilitoka nzito, zikasimama, zikafa upesi, na kule juu, karibu na mwisho wa shingo, uzi mnene ulitetemeka kama mtu anayesoma barua mbaya, haujui uko kwenye noti gani. Kisha likaja la pili. Binti aligonga noti moja akaiacha. Ikafunguka. Juu yake ikatoka nyingine, nyembamba, halafu nyingine, kisha kwa mbali kabisa kitu kama kengele ambayo Koili hakukumbuka aliisikia lini mara ya mwisho. Alishika ukuta kwa viganja vyote viwili.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliuliza.

"Ipi?"

"Usinichezee. Hiyo ya pili. Umeiazima kwa nani? Hiyo imetoka nje, imesukwa na watu wenye mashine. Mwanangu mwenyewe ananiletea vitu vya dukani kwa mlango wa nyuma. Sema umeiazima kwa nani."

Koili aligeuka bila kuruhusiwa. Binti alikuwa amekaa kwenye kile kiti pekee, gitaa mapajani, na chini ya nyuzi kulikuwa na utepe mweusi wa fundi umeme.

"Ni ya kwako," alisema. "Ya kwenye kopo. Ina waya kidogo, na nimeishusha chini. Sarafu tatu kwa uzi mnene, mbili kwa uzi mwembamba. Mama Mkwe imekaribia mno, baba. Sumaku inazivuta nyuzi, haziwezi kutikisika zikamaliza. Umekuwa ukizipandisha ili uzisikie juu ya grinda la jirani."

Sasa ngoja nikwambie aliyekuwa amesimama pale. Alikuwa mtu aliyewacheka wapenda kelele kwa miaka mingi, na alipoulizwa kwa masikio tu, alichagua kelele. Kisha aliposikia kitu kizuri, hakuamini kwamba kinaweza kutoka mkononi mwake. Moja kwa moja alikipeleka nje, kwa watu wenye mashine. Jenerali alidharau vitu vya Koili kwa sababu havina jina. Na Koili naye alipokutana na kazi yake uso kwa uso, aliiona nzuri mno kuwa yake. Wawili hawa walitofautiana miwani tu. Ukoo huu wetu wa watu wenye vichwa vilivyovimba na mioyo iliyonywea, sijui nani atatusuka upya.

Koili hakuomba radhi, maana hakuwa amejifunza. Aliliendea gitaa la binti, lile alilopima Katalogi, akawasha chuma cha kuchomelea.

"Zote mbili?" aliuliza.

"Zote mbili."

"Na mfuniko? Nina mabati mawili yanayong'aa. Wangeona kitu."

"Ziache na utepe wake."

Alizichomelea zote mbili, na mwishowe akatoa sarafu tatu mfukoni akampa binti apime mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Koili alikuwa ukumbini kabla ya saa tatu, ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa, bisibisi mkononi kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Binti alikuwa amemwambia jambo moja tu njiani: "Leo, baba, usiseme." Jukwaani alikuwepo mpiga besi waliyemwita Bubu, mtu aliyeweza kumaliza wiki kwa maneno kumi, na wapiga ngoma wawili. Katalogi alipangusa dhahabu yake kwa kitambaa. Jenerali aliingia na miwani, akaona utepe mweusi, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.

"Nilisema njoo na kitu chenye jina."

"Ndiyo, Bosi," binti alisema. "Nawaambia hawa kaka kwamba wewe huhitaji kuona. Wao wanabisha. Wanasema ulisema tu."

"Nani anabisha?"

Hakuna aliyekuwa amebisha. Lakini mpiga ngoma mmoja, ambaye naye alikuwa amekaa nyuma miaka mingi, alikohoa na kusema, "Mimi, Bosi. Kidogo tu. Kwamba ukigeukia ukuta utajua ni nani."

"Nitawajua hata nikiwa usingizini," Jenerali alisema, akaenda kwenye ukuta wa ukumbi, akageuka, akafumbata mikono nyuma. Bubu alizisawazisha amplifaya bila kuambiwa. Kisha akanyoosha kidole kwa Katalogi, na alipomaliza, akakinyoosha kwa binti.

Kilikuwa kipande kile kile, dakika moja kila mmoja. Noti ya mwisho ya binti ilining'inia hewani huku ile kengele ya mbali ikipanda juu yake, na mfagiaji wa ukumbi akasimamisha ufagio.

"Huyo," Jenerali alisema akiwa ukutani. "Wa pili. Mnasikia? Hiyo ndiyo kumi na sita elfu. Hilo ndilo jina." Akageuka akitabasamu kuelekea kwa Katalogi, akamkuta Katalogi ameshika shingo ya gitaa kwa mikono miwili, anaangalia sakafu. Tabasamu lilimfia mdomoni. Alimtazama binti, akautazama utepe mweusi.

"Tena," alisema. "Kulikuwa na kelele za gari."

Akageuka. Safari hii Bubu alianza na binti.

"Wa kwanza," Jenerali alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. Aligeuka, akaona. "Tena. Na msichezee vitufe."

"Havijaguswa," Bubu alisema. Hilo lilikuwa neno moja kati ya kumi yake ya wiki.

Walipiga mara ya tatu. Koili hakumtazama mwanawe. Alimtazama yule mtu ukutani. Aliona mabega yakipanda Katalogi alipopiga, na yakishuka binti alipopiga, yenyewe, bila kuombwa ruhusa. Noti ya mwisho ilikwisha. Wapiga ngoma walishusha vijiti. Bubu alilikokota jukwaani lile stendi la maikrofoni lililokuwa mbele kabisa, akalisogeza hatua mbili ili gitaa la binti lipate nafasi.

"Bosi?" binti alisema.

Kipande kilikuwa kimekwisha, ukumbi umetulia, mfagiaji amerudia kazi yake. Jenerali alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi, na bado alikuwa ameuangalia ukuta.